Soil Taxonomy au WRB: Kuchagua Mfumo wa Kuainisha Udongo wa Loesi wa Miinukoni

Mtu aliyechimba shimo kwenye mwinuko uliofunikwa na loesi, yaani vumbi lililoletwa na upepo, akaandika maelezo ya kila tabaka na kupeleka sampuli maabara, bado hajamaliza kazi mpaka aupe udongo huo jina ambalo msomaji wa mbali ataweza kulitumia. Mifumo miwili ndiyo inayotumika zaidi kwa kazi hiyo. Wa kwanza ni Soil Taxonomy wa Idara ya Kilimo ya Marekani, uliotolewa mwaka 1975, ukapata chapa ya pili mwaka 1999, na ambao ufunguo wake wa uainishaji ulifikia chapa ya 13 mwaka 2022. Wa pili ni World Reference Base, unaojulikana zaidi kama WRB, ambao husimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Sayansi za Udongo na umetolewa mara nne: 1998, 2006, 2014 na 2022. Mfumo wa Marekani una oda 12, ambazo ni makundi ya ngazi ya juu kabisa, zinazogawanywa ngazi kwa ngazi hadi kwenye familia na seri, ngazi ya chini kabisa, ilhali WRB una makundi 32 ya msingi yanayoongezewa vibainishi, yaani maneno ya kufafanua sifa, kabla na baada ya jina la kundi.

Ulinganisho huu unahusu udongo wa namna moja tu: udongo mrefu, yaani wa kina kirefu, wa miinukoni, wenye silti nyingi (chembe ndogo kuliko za mchanga na kubwa kuliko za mfinyanzi) na usio na mawe, unaopitisha maji vizuri au kwa wastani, uliotokana na loesi. Niseme mapema ninakoelemea. Kwa udongo huu, mfumo wa Marekani hueleza silti na hali ya hewa ya ardhini kwa ukamilifu ambao WRB haufikii, lakini hudai takwimu ambazo mwenye shimo moja mara nyingi hana. WRB hutosheka zaidi na kinachoonekana shimoni na kupimwa maabara, kwa hiyo hufaa pale ambapo takwimu za joto na unyevu wa udongo hazipo, au ambapo ramani inavuka mipaka ya nchi. Tofauti nyingine hujitokeza katika vigezo vyenyewe, na baadhi yake zinatosha kuuhamisha udongo uleule kutoka kundi moja hadi jingine.

Asili ya udongo haimo ndani ya jina

Loesi ni vumbi la madini lililopeperushwa na upepo na kutua juu ya ardhi iliyokuwapo, na sehemu kubwa ya chembe zake huwa na kipenyo cha mikromita 20 hadi 50. Katikati ya Marekani, loesi iitwayo Peoria ilitua kuelekea mwisho wa enzi ya barafu, takriban miaka 25,000 hadi 12,000 iliyopita, ikipeperushwa kutoka mabonde ya mito iliyobeba maji na matope ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka. Ndiyo maana ni nene kwenye magenge yanayotazama mito ya Mississippi na Missouri, na hupungua unene kadiri mtu anavyokwenda mbali na mto, mpaka mwisho hubaki utandu mwembamba juu ya mashapo ya zamani zaidi.

Pamoja na umuhimu wote huo, si Soil Taxonomy wala WRB unaoitaja loesi ndani ya jina la udongo. Mifumo yote miwili huainisha kwa sifa zinazopimika katika udongo wenyewe, na vumbi lililoletwa na upepo linaweza kufanana sana na silti iliyoachwa na maji. Mfumo wa Marekani hufidia pengo hili kwenye ngazi ya seri, kwa sababu kila seri ina maelezo rasmi yanayotaja nyenzo iliyozaa udongo. Katika WRB hakuna ngazi kama hiyo. Anayechagua WRB hana budi kuiandika loesi waziwazi katika maelezo ya shimo, pamoja na kina ambacho loesi inaishia na kile kilicho chini yake. Mpaka huo ukiwa ndani ya sentimita 100, WRB huutambua kwa kibainishi cha Raptiki. Katika maelezo ya Kimarekani huonekana kwa tarakimu inayotangulia alama ya tabaka, kwa mfano 2Bt, ambayo msomaji mzoefu huitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Silti hupimwa wapi, na huitwaje

Shimoni, silti hutambuliwa kwa vidole: udongo uliolowanishwa huteleza laini kama unga, haukwaruzi kama mchanga na haunati kama mfinyanzi, na utepe unaosukumwa kwa kidole gumba hukatika ungali mfupi. Maabara ndiko tofauti za mifumo zinakoanzia. Kwa Wamarekani, silti huishia kwenye kipenyo cha milimita 0.05, kwa WRB, huishia kwenye milimita 0.063. Pengo hilo ni dogo kwa udongo wa kawaida, lakini kwa loesi, ambayo wingi wake uko karibu kabisa na mpaka huo, si la kupuuzwa. Sampuli ileile itaonekana kuwa na silti nyingi zaidi na mchanga mchache zaidi ikisomwa kwa kipimo cha WRB. Ripoti ya maabara isiyotaja ungo uliotumika haifai kuainishia udongo wa namna hii, na ni afadhali kuirudisha kuliko kukisia.

Tofauti kubwa zaidi imo katika jinsi silti inavyoingia kwenye jina. Soil Taxonomy huangalia sehemu maalumu ya udongo, ambayo kwa udongo wenye tabaka lililokusanya mfinyanzi ni sentimita 50 za juu za tabaka hilo, au tabaka lote likiwa jembamba kuliko hapo. Sehemu hiyo ikiwa na mfinyanzi wa asilimia 18 hadi chini ya 35, na chembe kubwa kuliko milimita 0.1 zikiwa chini ya asilimia 15, familia huitwa ya silti laini. Mfinyanzi ukipungua chini ya asilimia 18, huwa ya silti nene. Mpaka wa milimita 0.1 umewekwa kwa busara, kwa kuwa mchanga mlaini kabisa, ule wa kati ya 0.05 na 0.1, huhesabiwa pamoja na silti, na hivyo loesi yenye chembe kubwa kidogo haitupwi nje ya kundi lake kwa ajali ya kipimo.

WRB hutumia kibainishi cha Siltiki, kinachotolewa pale ambapo tabaka lenye unene wa angalau sentimita 30, ndani ya sentimita 100, lina umbile la silti au la tifutifu ya silti. Tifutifu ya silti haizidi asilimia 27 ya mfinyanzi. Sasa tuchukue udongo wa mfano ambao sentimita 28 za juu ni tifutifu ya silti, na kutoka hapo hadi sentimita 110 mfinyanzi ni asilimia 29 hadi 31. Kwa mfumo wa Marekani huu ni udongo wa silti laini bila shaka yoyote. Kwa WRB, sehemu ya juu haifiki sentimita 30, na sehemu ya chini imekuwa tifutifu yenye mfinyanzi na silti, ambayo huwekwa chini ya kibainishi cha Loamiki. Udongo uliojaa silti toka juu hadi chini unaondoka na jina lisilotaja silti hata mara moja. Kwa maoni yangu, huu ndio udhaifu mkubwa wa WRB kwa udongo wa loesi, na msomaji wa jina pekee hatajua kwamba ardhi hiyo huoshwa kirahisi na maji ya mvua au kwamba hujifunga kwa juu baada ya kulimwa.

Utando wa mfinyanzi

Swali zito zaidi katika shimo la loesi ni kama mfinyanzi umeshuka kutoka juu na kujikusanya chini. Jibu hutafutwa kwa kulivunja bonge la udongo kwa mikono na kutazama nyuso zake kwa lenzi ndogo: utando wa mfinyanzi hung'aa kidogo, mara nyingi ni wa kahawia iliyoiva kuliko ndani ya bonge, na huwa umeziba au kupaka kuta za vitundu vya mizizi. Uso wa bonge lililobanwa na kupanuka kwa udongo nao hung'aa, lakini una mikwaruzo inayoelekea upande mmoja na haupatikani ndani ya vitundu. Katika loesi yenye mfinyanzi wa wastani, kutazama vitundu ndiyo njia ya kuaminika zaidi.

Mifumo yote miwili inatambua jambo hili, ila haidai ushahidi kwa namna moja. Soil Taxonomy hutaka mambo mawili kwa pamoja: ushahidi wa mfinyanzi uliohama, kama utando ndani ya vitundu au kwenye nyuso za mabonge, na ongezeko la mfinyanzi ikiwa tabaka la juu lililopoteza mfinyanzi bado lipo. Tabaka hilo la juu likiwa na mfinyanzi wa asilimia 15 hadi 40, la chini linatakiwa kuwa na angalau mara 1.2. WRB hukubali mojawapo: ama ongezeko, ambalo kwa tabaka la juu lenye mfinyanzi wa asilimia 10 hadi chini ya 50 ni angalau mara 1.4 tangu chapa ya 2014, ama ushahidi wa kuhama, kwa mfano utando unaofunika sehemu ya nyuso za mabonge.

Matokeo yake hayabashiriki kwa kuangalia namba moja tu. Udongo wenye asilimia 18 juu na 24 chini una uwiano wa 1.33. Uwiano huo unatosha kwa Wamarekani lakini hautoshi kwa WRB, hata hivyo utando ukionekana vizuri udongo hupita katika mifumo yote miwili, na usipoonekana hushindwa katika yote miwili. Udongo wenye asilimia 18 juu na 27 chini una uwiano wa 1.5, na hapa ukosefu wa utando huleta mgawanyiko: WRB huukubali, Soil Taxonomy huukataa. Anayeogopa kubishana juu ya utando atauona WRB kuwa mpole zaidi. Mimi nauona ugumu wa Kimarekani kuwa na faida hapa, kwa sababu vumbi lililotua likiwa na mfinyanzi usiolingana tangu mwanzo linaweza kuleta tofauti ya namba bila mfinyanzi wowote kuhama.

Tabaka jeusi la juu

Miinuko ya loesi ya Iowa inatoa mfano unaoeleweka vizuri kwa sababu nyenzo ni moja na uoto wa asili ndio uliotofautiana. Seri ya Fayette ilikua chini ya misitu na ina juu yenye rangi hafifu. Seri ya Tama ilikua chini ya mbuga za nyasi ndefu na ina juu nene na jeusi. Seri ya Downs iko katikati yao. Katika Soil Taxonomy, Fayette ni Alfisoli (oda ya udongo uliokusanya mfinyanzi chini), Tama ni Molisoli (oda ya udongo wenye tabaka nene jeusi juu), na Downs ni Alfisoli yenye dalili za Molisoli kwenye jina lake la kikundi. Katika WRB, Fayette huelekea Luvisoli, kundi la udongo uliokusanya mfinyanzi chini, na Tama huelekea Faeozemu, kundi la udongo mweusi juu, yenye kibainishi cha Luviki.

Mpaka wenyewe ndio unaotofautiana. Rangi inayodaiwa inafanana: kwa kitabu cha rangi cha Munsell, wangavu usiozidi 3 udongo ukiwa na unyevu na 5 ukiwa mkavu, na ukolezi usiozidi 3 ukiwa na unyevu. Kaboni ogani isiyopungua asilimia 0.6 inadaiwa na wote. Unene ndio unaowatenganisha, kwa kuwa WRB hutosheka na sentimita 20, ilhali Soil Taxonomy, kwa udongo mrefu kama huu, hutaka sentimita 25. Kwenye mteremko uliolimwa miaka mingi, ambako mmomonyoko umebakiza sentimita 22 za udongo mweusi, shimo moja hutoa Faeozemu kwa mfumo mmoja na Alfisoli kwa mwingine. Kwa hiyo anayekusudia kufuatilia mmomonyoko asitegemee mabadiliko ya jina; aandike unene wa tabaka jeusi kwa sentimita, kwani jina huruka ghafla kwenye mpaka huku udongo ukipungua kidogo kidogo.

Joto na unyevu wa ardhini

Jina kamili la familia ya Fayette huandikwa hivi: Fine-silty, mixed, superactive, mesic Typic Hapludalfs. Likifumbuliwa, linasema kwamba sehemu inayopimwa ni ya silti laini, madini yamechanganyika bila moja kutawala, uwezo wa mfinyanzi kushika virutubisho uko katika daraja la juu, wastani wa joto la udongo kwenye kina cha sentimita 50 ni nyuzi 8 hadi chini ya 15 za Selsiasi, na udongo haukai mkavu hata siku 90 kwa jumla katika mwaka wa kawaida. Memphis, seri ya loesi ya miinuko iliyo kusini zaidi kando ya Mississippi, ni kikundi kilekile cha Typic Hapludalfs na pia ni ya silti laini, lakini joto lake ni la daraja linalofuata, nyuzi 15 hadi chini ya 22, na uwezo wa mfinyanzi wake uko daraja moja chini. Tofauti kati ya Iowa na Mississippi imo ndani ya jina.

WRB uliamua kwa makusudi kutoitumia hali ya hewa kama kigezo. Fayette na Memphis zote mbili zinaweza kuitwa Luvisoli, na jina halitasema kitu kuhusu msimu wa kupanda. Uamuzi huo unaeleweka: takwimu za joto na unyevu wa udongo hupatikana kwa miaka mingi ya kupima au kwa kukadiria kutoka vituo vya hali ya hewa, na makadirio yakikosewa huharibu jina zima tangu ngazi ya juu. Kwa shimo moja katika eneo lisilo na kituo, naona ni uaminifu zaidi kuandika jina la WRB kuliko kubuni hali ya unyevu ili kukamilisha jina la Kimarekani.

Tabaka gumu na maji yaliyotuama

Kusini mwa bonde la Mississippi, mtu akihama kutoka kwenye loesi nene kwenda kwenye nyembamba na tambarare zaidi, hukutana na mfuatano unaojulikana: Memphis isiyo na kizuizi, kisha Loring na Grenada zenye tabaka gumu liitwalo fragipani, kisha Calloway na Henry ambazo huzidi kuwa na maji. Fragipani huonekana kuwa udongo wa kawaida mpaka liguswe. Kipande chake chenye unyevu kikibanwa hakilainiki bali huvunjika ghafla, na kipande kilichokaushwa hewani kikitumbukizwa majini husambaratika chenyewe, jambo linaloonyesha kwamba hakikuunganishwa na saruji ya madini. Mizizi hulizunguka tabaka hilo na kupita kwenye nyufa za rangi ya kijivu pekee.

Mifumo yote miwili hudai unene wa angalau sentimita 15 kwa tabaka hili, lakini uzito wanaolipa haulingani. Soil Taxonomy hulipandisha hadi kwenye kundi kuu, hivyo Loring ni Fragiudalfs na Grenada ni Fraglossudalfs, na mkulima au mhandisi hawezi kulikosa. Katika WRB, Fragiki ni kibainishi tu, na kikisahauliwa jina la kundi hubaki vilevile. Kwa upande wa maji, hata hivyo, WRB una faida ya wazi. Kikundi cha Oksiakwiki cha Kimarekani, ambamo Loring imo, hutegemea udongo kujaa maji kwa siku 20 mfululizo au 30 kwa jumla katika mwaka wa kawaida, jambo ambalo halithibitiki bila kuchunguza maji ya ardhini kwa muda. Stagniki ya WRB husomwa kwenye rangi za kijivu na kutu zilizoachwa na maji yaliyozuiwa, na vibainishi vya kina huonyesha kama hali hiyo iko juu au chini.

Uchaguzi kulingana na kazi

Kwa kazi iliyo ndani ya Marekani, hakuna sababu ya kuukwepa Soil Taxonomy, kwani ramani zote za kaunti na maelezo ya seri zimejengwa juu yake, na kuulinganisha udongo wako na Fayette au Memphis kutampa msomaji habari nyingi kuliko jina lolote jipya. Kwa makala ya kimataifa, WRB huenda ukadaiwa na wahariri, na ni vyema umbile la udongo na nyenzo ya loesi vitajwe katika sentensi inayofuata jina. Kwa utafiti wa mmomonyoko, umwagiliaji au uthabiti wa miteremko ya loesi, ningetanguliza jina la familia la Kimarekani hata nje ya Marekani, mradi takwimu za joto na unyevu zipo, kwa sababu silti ndiyo inayotawala mambo hayo. Kwa uchoraji wa ramani ya eneo kubwa kwa mashimo machache, ningeanza na WRB.

Gharama ya kutumia mifumo yote miwili ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, endapo maelezo yalifanywa kwa kulenga yote miwili tangu shimoni: rangi ya udongo wenye unyevu na mkavu, asilimia ya nyuso zenye utando kwa wima na kwa mlalo zikiandikwa kila moja peke yake, kina ambacho udongo unaanza kutoa povu ukidondoshewa asidi, na chembe zilizochujwa kwa nyungo za 0.05, 0.063 na 0.1. Besi, yaani kalsiamu na virutubisho vya jamii yake, nazo zipimwe kwa njia zaidi ya moja. Alfisoli hutenganishwa na Ultisoli, oda yenye besi chache zaidi, kwa asilimia 35 ya besi, ikikokotolewa kwa jumla ya kationi zote (chembe zenye chaji chanya) kwenye pH 8.2, na tena kwenye kina kirefu ambacho shimo fupi halikifikii. WRB wa 2022, kwa kutenganisha Luvisoli na Alisoli, kundi lenye alumini nyingi zaidi, hulinganisha besi na alumini inayobadilishika. Thamani moja haiwezi kugeuzwa kuwa nyingine kwa hesabu ya mezani.

Chapa iliyotumika iandikwe kando ya jina kila mara. Udongo uliokuwa ukiitwa Albeluvisoli katika WRB wa 2006 hutafutwa leo chini ya Retisoli, kundi lililochukua nafasi yake mwaka 2014. Vilevile, uwiano wa mfinyanzi wa 1.2 uliotosha mwaka 2006 ulipandishwa hadi 1.4 katika chapa hiyo ya 2014, kwa hiyo Luvisoli ya ripoti ya zamani yenye uwiano wa 1.25 haiwezi kuchukuliwa kuwa Luvisoli ya leo mpaka mtu arudi kwenye maelezo ya shimo na kuona kama aliyeyaandika aliutaja utando.